Phineas Gage hakugeuka mnyama

Siku tunamzika mjomba kuna mtu alisema eti "huyu alishakufa siku ile ya ajali ya bodaboda". Iliniuma, manake baada ya kuumia ubongo tuliishi naye miaka tisa, alikuwa anasahau majina na hasira zilikuwa karibu lakini kahawa ya alfajiri alikuwa anapika yeye.

Hiyo imani kwamba ubongo ukiumia mtu ndo basi tena imelishwa sana na stori ya Phineas Gage, fomeni wa reli kule Vermont, Marekani. Mwaka 1848, akiwa na miaka 25, baruti ililipuka na nondo ya kama mita 1.1, kilo 6 hivi, ikaingia chini ya shavu ikatokea utosini. Akapona. Watu wanasimulia eti tangu hapo akawa mlevi, mkorofi, hana kazi mpaka anakufa.

Sio kweli. Ni kweli mwanzoni alibadilika, daktari wake Harlow aliandika kwamba alikuwa anatukana na hashikiki, marafiki wakasema huyu sio Gage tena. Ila baadaye akaenda Chile akaendesha magari ya abiria ya farasi miaka kadhaa, na hapo unashika hatamu za farasi kibao, unafuata ratiba, unaongea na abiria, kazi ya kila siku ileile ambayo pengine ndo ilimjenga upya. Na mama yake alimwambia Harlow kwamba alikuwa anawasimulia wapwa zake visa vya kuwafurahisha, alipenda sana watoto.

Alifariki 1860 kwa degedege, akiwa kwa familia yake California.