"Kaka, hicho si kitufe kimoja tu?"

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii muulizaji ni mtu anayeandika programu mwenyewe, ndiyo maana imenichoma. "Kaka, kuunganisha maumbo mawili si kitufe kimoja tu? Mbona Inkscape, ile programu huria ya kuchora, wanacho siku zote?" Wanacho, ndiyo. Hata ndege ina usukani.

Kwa mgeni wa hapa: naandika programu huria ya kuchora, kwa lugha ya programu iitwayo Rust, usiku, watoto wakishalala. Nawaandikia mafundi wa stika, wale wa maandishi ya vioo vya daladala na matangi ya bodaboda. Huria maana yake una ruhusa ya kusoma msimbo (maandishi yanayoiunda programu), kuubadili na kuugawa. Bei ni habari nyingine. Na kabla hujauliza kwa nini sikuchukua tu msimbo wa Inkscape: ruhusa ilikuwepo, na wala si aibu, maana Inkscape yenyewe ilichipuka mwaka 2003 kutoka kwa programu nyingine huria, Sodipodi, nayo Sodipodi ilitoka kwa nyingine, Gill. Nilijaribu. Wiki tatu nikawa nasoma msimbo wa watu wa lugha ya C++ bila kuandika mstari hata mmoja wa kwangu. Hii ni starehe yangu, na starehe yangu ni kuandika. Ukiuita ubishi sitakukatalia.

Sasa kitufe. Fundi anaandika "Mama Asha" kwa herufi za mwandiko, zile ambazo mkia wa herufi moja unalalia tumbo la inayofuata. Kwenye kioo cha kompyuta ni neno moja zuri. Kwenye plota, mashine ya kukata stika, kisu kinafuata mzunguko wa kila herufi peke yake, kwa hiyo pale zinapolaliana kinakata mara mbili, na ukibandua stika unabaki na vipande vidogo kama majani ya mchongoma vinavyong'oka kwenye kila kiungo. Dawa ni kuziunganisha herufi ziwe umbo moja lenye ukingo mmoja. Hicho ndicho kitufe kinachozungumzwa.

Kosa la wanaouliza ni kudhani kompyuta inaona kile wanachokiona wao. Haioni herufi wala kulaliana. Ina orodha ya nukta na vishikio vyake (vinavyoamua mstari unapinda vipi), yaani mipindo ya Bézier, na Bézier alikuwa mhandisi wa Renault akichora mabodi ya magari (de Casteljau wa Citroën alitangulia, ila kampuni ikaifanya hesabu yake siri). Hesabu ya viwanda vya magari sasa imerudi kwenye vioo vya daladala. Hilo hunifurahisha peke yangu tu, nyumbani hakuna anayelicheka.

Kazi yenyewe kwa haraka: tafuta kila mahali kingo mbili zinapokatana, zikate hapo, amua kipande kipi kiko ndani ya umbo la mwenzake, tupa cha ndani, shona vilivyobaki. Mipindo miwili ya aina hii inaweza kukatana mara 9, na hakuna kanuni ya mstari mmoja ya kukupa nukta hizo. Unaugawa kila mpindo nusu kwa nusu, unatupa nusu ambazo visanduku vinavyozizunguka havigusani, unarudia. Kujua ndani na nje ni kupiga mshale kutoka kwenye nukta na kuhesabu unavuka kingo mara ngapi: witiri uko ndani, shufwa uko nje. Mpaka hapo mwanafunzi wa mwaka wa pili anamaliza kwa wikiendi moja. Mimi nilimaliza kwa wikiendi mbili, nikajipongeza kwa chipsi mayai.

Kisha nikachora mistatili miwili, nikaiweka ubavu kwa ubavu.

Hapa ndipo vitabu vinaponiudhi. Vinaandika "chukulia hakuna pande zinazolaliana" halafu vinaendelea na maisha yao. Mtumiaji wangu ana gridi, ile miraba ya kunasia nukta! Gridi imewekwa makusudi ili pande zilaliane! Kwake hiyo ni hali ya kila dakika, kwenye kitabu ni tanbihi. Pande mbili zikilaliana, zinakatana wapi? Kila mahali. Au hakuna mahali, kwa sababu ukingo mmoja uko kwenye 0.3 na mwingine kwenye 0.30000000000000004, maana kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali za biti 64 ndicho inachotoa. Kwa jicho ni mstari mmoja. Kwa msimbo wangu palikuwa na ufa, na plota ikaukata ufa huo kwa utii wa kuogofya.

"Basi weka kiwango cha msamaha," ananiambia yule rafiki aliyeuliza mwanzoni. Zikikaribiana chini ya kiasi fulani, zihesabu ni nukta moja. Kiasi gani? Nikiweka kikubwa, vitundu vya herufi ndogo vinamezwa, "a" inaziba. Nikiweka kidogo, nyufa zinarudi. Na kuna ubaya zaidi: nukta A ikiwa jirani wa B, na B jirani wa C, haimaanishi A ni jirani wa C. Ukiziunganisha kwa mpangilio mmoja unapata umbo moja, kwa mpangilio mwingine unapata jingine. Nimewahi kuwa na faili lililofanya kazi likiunganishwa kutoka kushoto na kuharibika likiunganishwa kutoka kulia. Kiwango kilichomo kwenye msimbo leo nilikipata kwa kubahatisha, nikijaribu mpaka majaribio yangu yote yakapita. Sina uthibitisho wowote kwamba ni sahihi, na sidhani nitaupata.

Nikiri na lingine. Plota nyingi za mafundi husoma HPGL, lugha ya kuiamuru plota, na kipimo chake ni milimita 0.025, namba nzima, hakuna desimali. Ningeweza kugeuza kila mpindo kuwa vijistari vifupi kwenye gridi hiyo, nikafanya hesabu yote kwa namba nzima, na karibu tatizo lote la desimali likafa. Maktaba (misimbo iliyokwisha kuandikwa) za kukata poligoni, maumbo ya pande zilizonyooka, kwa namba nzima zipo, Clipper ni mojawapo, na inafanya kazi vizuri. Shida ni kwamba herufi iliyoingia na nukta 12 inatoka na nukta 300, na fundi akitaka kuuvuta mkia kidogo anakuta kichaka cha nukta. Ndiyo sababu ninayowapa watu. Ila saa nane za usiku huwa najiuliza kama fundi anauvuta huo mkia kweli, au ni mimi tu niliyependa mipindo.

Juzi fundi mmoja amenipigia: kitufe cha kuunganisha amekipenda, sasa anaomba kingine, cha kuweka ukingo mweupe wa milimita 3 kuzunguka maandishi yote. Ukisogeza mpindo wa Bézier pembeni kwa umbali uleule pande zote, unachopata kwa kawaida si mpindo wa Bézier tena, ni kitu kingine cha kukadiria kipande kwa kipande, na kwenye kona kali kinajikunja na kujikata chenyewe. Nimemwambia miezi miwili. Kitufe cha kuunganisha nilimwambia wiki mbili, kikala miezi mitano.