Je, Wajua Kwa Nini Mtambo wa Upepo Una Mapanga Matatu Tu?

Tazama mtambo wowote wa kisasa wa kufua umeme kwa upepo. Mnara mrefu, mapanga matatu membamba, na kati ya panga na panga uwazi mkubwa mno. Kwa miaka mingi niliamini kwamba sababu ni gharama: panga moja ni ghali, basi watengenezaji huweka machache na kukubali kuwa upepo mwingi utapita bure kwenye ule uwazi. Pesa zingekuwepo, niliwaza, duara lote lingejazwa mapanga na kila pumzi ya upepo ingenaswa.

Gharama ipo, lakini kiini cha jibu hilo ni kosa. Na waliokosea si wasomaji wa kawaida peke yao. Charles Brush, mvumbuzi wa Marekani aliyetajirika kwa taa za umeme za barabarani, alijenga mtambo wake mwenyewe uani kwake mjini Cleveland katika majira ya baridi ya 1887 kuingia 1888. Gurudumu lake lilikuwa na kipenyo cha mita 17 na mapanga 144 ya mbao za mwerezi, yamepangwa yakabanana. Mtambo ulichaji betri zilizowekwa chini ya nyumba na ukadumu takriban miaka 20, jambo la kustaajabisha kwa kifaa ambacho hakikuwa na mfano wa kuigwa. Hata hivyo, dude lote hilo lilitoa kilowati 12 tu.

Tatizo ni kwamba tunaufikiria upepo kama mvua. Ukitaka maji mengi, unakinga beseni pana lisilo na tundu. Lakini maji ya mvua yakishaingia kwenye beseni yanatulia humo. Hewa haina pa kutulia. Hewa iliyokwisha kusukuma mtambo lazima itoke upande wa pili ili inayofuata ipate nafasi. Ukiiziba njia, hufanyi zaidi ya watu waliosimama mlangoni: walio nyuma yao watazunguka na kutafuta mlango mwingine. Mnamo 1920 Mjerumani Albert Betz alionyesha kwa hesabu kwamba hata mtambo mkamilifu hauwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo unaoujia. Iliyobaki ama huzunguka pembeni, ama huiondoa hewa iliyotumika.

Bado hilo halijaeleza kwa nini mapanga yawe matatu. Fikiria mtu anayefyeka nyasi, ila yeye amesimama pale pale na nyasi ndizo zinazomjia, kama zimeota juu ya mkeka unaovutwa. Akipiga fyekeo mara moja, anakata ukanda. Akipiga tena upesi mno, fyekeo linapita juu ya vishina vitupu: jasho limemtoka, nyasi hakukata. Anachohitaji ni mapigo yanayolingana na mwendo wa mkeka, kila pigo likute nyasi mpya.

Sasa weka hesabu. Chukua mtambo wenye kipenyo cha mita 100, ambao ncha za mapanga yake zinakimbia mita 80 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa mitambo ya leo. Mzunguko mmoja unachukua karibu sekunde 4, kwa hiyo panga moja hulifuata jingine baada ya sekunde 1.3. Katika muda huo upepo wa mita 10 kwa sekunde umeingiza takriban mita 13 za hewa mpya. Ule uwazi ninaouona kwenye picha, kwa panga lenye kasi hiyo, si uwazi. Yaweke mapanga 18 kwa kasi ileile, na kila moja litakuta mita 2 tu za hewa, tena iliyokwisha kuvurugwa na lililotangulia.

(Mfano wa nyasi una mpaka wake. Panga halikati hewa: linaipunguza mwendo na kuipinda, na athari hiyo inaenea mbele na nyuma yake. Ndiyo maana machache yanaweza kulihudumia duara zima.)

Magurudumu yenye mapanga mengi hayakuwa ujinga, yapewe haki yake. Yanazunguka polepole kwa nguvu nyingi na huanza hata kwa upepo hafifu, sifa nzuri kwa pampu ya maji. Jenereta ndiyo inayotaka kasi.

Aliyelipima jambo hili mapema alikuwa Poul la Cour wa Denmark. Alianzia kwenye idara ya hali ya hewa, akavumbua vifaa vya telegrafu, kisha tangu 1878 akawa mwalimu katika shule ya watu wazima ya Askov. Mwaka 1891 alijenga hapo mtambo wa upepo wa umeme, na baadaye akajaribu vielelezo vidogo ndani ya bomba lenye upepo wa kutengenezwa. Matokeo: kwa umeme, mapanga machache yanayokwenda kasi yanashinda mengi ya polepole. Yeye mwenyewe alitumia manne.

Mwaka 1904 kijana wa miaka 17, Johannes Juul, alisoma katika kozi ya la Cour ya mafundi wa umeme wa upepo. Juul akafanya kazi ya umeme maisha yake yote, akarudi kwenye upepo uzeeni. Mtambo wake wa majaribio wa 1950 ulikuwa na mapanga mawili, uliofuata, matatu. Mawili yanavuna upepo vizuri, lakini shika mti mrefu wima kisha geuka: ni rahisi. Ulaze mikononi, geuka tena: unakuvuta. Mtambo wa mapanga mawili hupitia hali zote mbili katika kila mzunguko, hivyo kichwa chake kinapogeuzwa kuufuata upepo hutikisika. Matatu huugawa uzito sawasawa wakati wote.

Mwaka 1957 mtambo wake wa Gedser, Denmark, ulianza kazi: mapanga matatu, kipenyo cha mita 24, kilowati 200. Kuulinganisha na wa Brush moja kwa moja si haki, kwa sababu duara lake ni kubwa mara mbili, umbo la mapanga ni bora na kilowati zake 200 ni za wakati wa upepo mkali. Ulifanya kazi hadi 1967. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, wahandisi wa Denmark na Marekani waliuwasha upya ili waupime.