Spika 80 si za kuongeza kelele

Watu wakiona picha ya Acousmonium, ule mtambo wa spika aliouanzisha mtunzi wa muziki François Bayle pale GRM, kikundi cha utafiti wa muziki huko Paris, mwaka 1974, wanasema aah hapo ni kupasuana masikio tu. Hapana jamani. Spika ni kama 80 ila hazifanani makusudi, kuna za besi, kuna vidogo vya sauti nyembamba, zingine mbele zingine nyuma ya watu, na muziki wenyewe mara nyingi umerekodiwa kwa chaneli mbili tu! Sasa yule jamaa kwenye miksa katikati ya ukumbi (ambaye watu hudhani kabonyeza plei tu akakaa) ndo anaugawa kwenye spika zote hizo, anapandisha hiki anashusha kile, mnong'ono unaanzia spika moja nyuma ya shingo yako halafu taratibu unahamia mbele.