Je, wajua kwa nini kusakinisha GIMP upya hakurudishi zana zilizopotea?

Uko katikati ya kutengeneza kadi ya harusi kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Kidole kinagusa kibodi, na ghafla kisanduku cha zana hakipo. Brashi, kifutio, paneli ya leya (matabaka ya picha), vyote vimetoweka, imebaki picha peke yake. Unafunga programu na kuifungua tena: hali ni ile ile.

Lilinipata hilo nikiwa na kazi ya mteja inayosubiriwa, nikafanya wanachofanya wengi. Niliiondoa programu kwenye kompyuta, nikatumia bando kuipakua upya, nikaisakinisha. Ilipofunguka, zana hazikuwepo. Nikaiondoa tena, nikaiwasha upya kompyuta, nikasakinisha mara ya pili. Hazikuwepo. Niliamini kwamba programu imeharibika, na kwamba kilichoharibika ukikitoa na kuweka kipya tatizo linaisha.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Nilikuwa nimebonyeza Tab. Kwenye GIMP kitufe hicho huficha paneli zote ili uione picha yako bila kizuizi, na ukikibonyeza tena zinarudi. Photoshop nayo ina Tab ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo dawa ilikuwa kubonyeza mara moja tu. Lakini swali lililonikaa kichwani ni jingine: programu iliyofutwa kabisa ilikumbukaje kwamba mimi nilificha zana?

Jibu ni kwamba haikukumbuka yenyewe. Mpangilio wa paneli zako hauishi ndani ya programu, wala hauishi ndani ya picha unayoichora. Unaishi kwenye faili la tatu.

Mfikirie fundi cherehani. Ana cherehani, ana kitambaa cha mteja, na ana daftari la vipimo. Vipimo vya kiuno chako haviko kwenye cherehani, viko daftarini. Sasa tuseme daftari limeandikwa kiuno inchi 48 badala ya 38. Suruali inatoka pana. Fundi akiuza cherehani na kununua jingine jipya dukani, atakata suruali pana vile vile, kwa sababu daftari halijaguswa. Mimi nilikuwa nabadilisha cherehani.

Daftari la GIMP linaitwa sessionrc. Kwenye Windows liko ndani ya folda iliyofichwa ya AppData, ndani ya Roaming, kisha GIMP, kisha folda ya toleo lako, mfano 2.10. Kwenye Linux liko chini ya .config katika folda yako ya nyumbani. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kulifungua kwa Notepad. Utakuta namba za pikseli, yaani vitone vinavyounda skrini: dirisha lianzie wapi, liwe na upana gani, paneli za kushoto zichukue nafasi kiasi gani. Shuka mpaka karibu na mwisho na utakuta mstari unaosema hide-docks, na mbele yake yes au no. Neno moja la herufi tatu ndilo lililonimalizia bando.

Kuondoa programu hakuligusi faili hilo, na kuna sababu nzuri. Kompyuta moja inaweza kuwa na watumiaji watatu, kila mmoja na akaunti yake, kila mmoja na daftari lake. Anayeondoa programu hana haki ya kuchana madaftari ya wenzake. Hapa niweke tahadhari: si programu zote hufuata desturi hii. Baadhi zinapoondolewa hukuuliza kama mipangilio yako nayo ifutwe, na ukikubali, kusakinisha upya kutaonekana kumetibu. Nadhani ndiyo sababu ushauri wa kufuta na kusakinisha haufi.

Juu kabisa ya sessionrc watengenezaji waliacha maelezo mafupi ambayo nayapenda sana, maana yanaeleza mambo mawili ya ajabu kwa mpigo. La kwanza, faili lisipopatikana GIMP hutumia mpangilio wake wa asili, kama fundi asiye na vipimo vyako anavyokata saizi ya kawaida. Ndiyo maana kulibadilisha jina faili hilo, programu ikiwa imefungwa, kunatosha kukurudisha mwanzo. (CorelDRAW, programu nyingine ya michoro, hufanya jambo linalofanana ukishikilia F8 wakati inafunguka.)

La pili, faili huandikwa upya lote kila unapofunga GIMP. Fundi huandika daftari jioni anapofunga duka, si kila anapopima. Hivyo ukishinda asubuhi nzima ukipanga paneli zako, brashi kushoto, leya kulia, kisha umeme ukakatika kabla hujafunga programu, kesho utakuta mpangilio wa jana. Wengi hudhani hiyo nayo ni hitilafu. Kinga ipo: ingia menyu ya Edit, kisha Preferences, kisha Window Management, bonyeza kitufe cha kuhifadhi nafasi za madirisha papo hapo. Pembeni yake kipo cha kurudisha nafasi za asili. Na kama kompyuta ni ya wengi kwa akaunti moja, hifadhi mpangilio unaoutaka kisha ondoa alama ya kuhifadhi wakati wa kufunga. Mtu akivuruga paneli, zitarudi mahali pake safari ijayo.

Kwa kuwa ni faili tu, linabebeka. Mimi hulinakili kwenye flashi pamoja na toolrc, linalotunza mpangilio wa zana ndani ya kisanduku, na kuhamia nayo kompyuta nyingine yenye toleo lile lile. Skrini ikiwa ndogo zaidi itabidi kuvuta kingo za paneli kidogo, kwa sababu vipimo vimeandikwa kwa pikseli. Na hakikisha GIMP imefungwa kabla ya kuyabandika. Ukiyabandika ikiwa wazi, itakapofungwa itaandika daftari lake juu ya lako.