Yoga ya mtiririko: mwili ndio unaosubiri pumzi

Tangu Siku ya Kimataifa ya Yoga, ambayo huadhimishwa kila Juni 21, simu za mapokezi yetu hapa Upanga, Dar es Salaam, hazitulii kwa wanaoulizia darasa letu la yoga. Tunashukuru. Lakini na malalamiko yameongezeka: yupo aliyerudishwa mlangoni, yupo aliyeshikwa na kizunguzungu dakika ya kumi, na yupo anayedai hajaona faida baada ya siku mbili. Kwa niaba ya kitengo cha fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), naomba tuelewane.

Darasa lenyewe ni la vinyasa, yaani yoga ya mtiririko. Mikao mmeshaiona kwenye simu zenu, sitairudia. Cha kushika ni hiki: unavuta pumzi, mikono inapanda, unatoa, kiwiliwili kinainama, unavuta tena, mgongo unanyooka. Pumzi moja, tendo moja. Ukianza kuhema kwa mdomo, jua umeshaikimbia pumzi yako; piga magoti, paji la uso liguse mkeka, subiri itulie. Tunaowadaka wakiyumba ni wale wanaobana pumzi ili wafike chini kabla ya jirani. Kubana pumzi huku umekaza misuli hupandisha presha ghafla, kisha ukiinuka kwa haraka damu huchelewa kufika kichwani. Haya si mashindano!

Faida zipo, ila tuziseme kwa kipimo. Anayeshinda kwenye kiti Posta na kumalizia jioni kwenye foleni ya Mbagala, nyonga zake hukakamaa na kiuno ndicho kinachoumia. Kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, tafiti zinaonyesha nafuu ndogo hadi ya wastani kwa anayeendelea miezi mitatu au zaidi. Kutoa pumzi taratibu kupitia puani hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Lakini yoga haichukui nafasi ya dawa ya presha. Wa kukuachisha vidonge ni daktari aliyekuandikia, si mkufunzi, wala shoga yako wa darasani.

Sasa utaratibu. Fika dakika 20 kabla. Fomu ina kurasa mbili. Ya pili, ambayo wengi huiruka, ndiyo inayouliza kuhusu upasuaji, ujauzito na presha ya macho. Mwenye presha ya macho hatumwinamishi kichwa chini ya moyo, tunampa kiti. Kisha utakaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono mezani usawa wa moyo, bila kuzungumza, simu mfukoni. Tunapima presha ya damu mara mbili. Namba ya juu ikivuka 180 au ya chini ikivuka 110, huingii. Unapewa barua ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo na nafasi yako inatunzwa. Aliyekunywa kahawa ndani ya nusu saa atasubiri. Mlango hufungwa pumzi ya kwanza inapoanza, na foleni si udhuru. Ukikosa vipindi vitatu bila taarifa, kadi yako ya darasa inafutwa. Kadi haiazimwi: ukikutwa na ya shemeji yako, nyote wawili mnaanza upya na fomu.

Kuhusu dini, yoga asili yake ni India na hatufichi. Darasani kwetu hakuna ibada. Tunahesabu pumzi kwa Kiswahili, na asiyetaka kukutanisha viganja kifuani aviache. Na akina baba wanaosema haya ni mambo ya wanawake wa Masaki, waje wajaribu kugusa vidole vya miguu. Mapaja magumu kuliko yote niliyokutana nayo ni ya waliowahi kucheza mpira.

Mkeka wa ukindu huteleza kwenye vigae, leta wa mpira. Na dakika tano za mwisho za kulala chali ni sehemu ya darasa. Anayekunja mkeka kuwahi basi la mwendokasi huondoka mapigo ya moyo ndiyo kwanza yanashuka. Mjamzito, kuanzia mwezi wa tano, halali chali. Alale ubavu wa kushoto, mto tunao.