Dixville Notch na kura za usiku wa manane: dhana potofu na ukweli

Kila baada ya miaka minne, saa sita kamili usiku wa kuamkia siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, kamera hujazana Dixville Notch, kitongoji kidogo kaskazini mwa jimbo la New Hampshire, ambako wakazi wachache hupiga kura muda huohuo. Dakika chache baadaye matokeo yao yametangazwa, na kabla hakujapambazuka yameshazunguka dunia na tafsiri zisizobebwa na namba zenyewe.

Dhana: Kitongoji hiki huonyesha upepo wa nchi nzima

Hakionyeshi. Wakazi walipoanza utaratibu huu mwaka 1960, Richard Nixon alizoa kura zote 9, na John Kennedy ndiye aliyeapishwa. Mwaka 1992 na 1996 Bill Clinton alishindwa hapa akashinda nchi. Mwaka 2016 Hillary Clinton aliongoza kwa kura 4 dhidi ya 2 za Donald Trump, nyingine 2 zikienda kwa wengine, akaukosa urais. Kwenye mchujo wa Januari 2024, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama cha Republican, Nikki Haley alipata kura zote 6. Siku hiyohiyo Trump akamshinda katika jimbo zima kwa takriban asilimia 11.

Hata majirani hawafanani. Mwaka 2020 Joe Biden alipata kura 5 kwa 0 Dixville Notch. Usiku uleule, Millsfield iliyo kaunti ileile ya Coös ilimpa Trump 16 na Biden 5.

Dhana: Wakazi walibadili itikadi, kutoka Republican hadi Democratic

Hapa ndipo wachambuzi wengi wanapojikwaa. Chukua asilimia za mgombea wa Democratic kuanzia 2004 hadi 2024: 27, 71, 50, 50, 100, 50. Ukizichora kwenye grafu utadhani kumepita mapinduzi mawili. Sasa weka kando ya kila mwaka jumla ya waliopiga kura: 26, 21, 10, 8, 5, 6. Barack Obama alipata kura 15 mwaka 2008, na miaka minne baadaye akatoka sare ya 5 kwa 5 na Mitt Romney. Katikati ya chaguzi hizo mbili, mwaka 2011, hoteli ya Balsams, iliyokuwa tegemeo la ajira pale, ilifungwa na watu wakaondoka.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani kabadili mawazo, uliza nani bado anaishi pale. Palipo na wapiga kura 6, kura moja ni karibu asilimia 17, na familia moja ikihama inaweza kupindua matokeo bila mtu yeyote kubadili msimamo. Unapoandika kuhusu jamii ndogo kama hii, taja idadi ya kura badala ya asilimia, taja ukubwa wa daftari la wapiga kura kwa kila mwaka, na usilinganishe chaguzi mbili kabla hujajua waliohamia, waliohama na waliofariki.

Dhana: Chama alichojiandikishia mtu ndicho anachokipigia kura

Novemba 2024, kati ya wapiga kura 6, wanne walikuwa wamejiandikisha kwenye daftari la wapiga kura kama wafuasi wa Republican na wawili hawakutaja chama. Trump alipata 3, Kamala Harris 3. Piga hesabu: hata kama wote wawili wasio na chama walimchagua Harris, kura yake ya tatu lazima ilitoka kwa Republican.

Mchujo wa 2020 ulikuwa wa ajabu zaidi. Jina la Michael Bloomberg, meya wa zamani wa New York, halikuwamo kwenye karatasi, likaandikwa kwa mkono: kura 2 upande wa Democratic na 1 upande wa Republican, akaongoza pande zote mbili.

Dhana: Wamepewa upendeleo wa pekee

Sheria ya jimbo inaruhusu jamii yenye wakazi chini ya 100 kufungua kituo saa sita usiku na kukifunga mara tu wote waliojiandikisha wanapomaliza kupiga kura. Sharti liko kwenye neno “wote”: akikosekana hata mmoja, kituo hakiwezi kufungwa mapema. Wala Dixville Notch haikuanzisha jambo hili. Wakazi wa Hart's Location, mji mwingine mdogo wa jimbo hilohilo, walipiga kura usiku wa manane mwaka 1948, kwa ajili ya wafanyakazi wa reli waliotakiwa kazini kabla ya saa za kawaida za kupiga kura.

Dhana: Kura yao ni ya siri kama kwingine kokote

Karatasi haina jina, lakini matokeo ya 5 kwa 0 yanawafichua wote watano. Matokeo ya 5 kwa 1 nayo yana kasoro yake: yule mmoja anajua kwa hakika wenzake wote walimchagua nani. Si jambo dogo kwa majirani wanaokutana kila siku. Kinga iliyopo dhidi ya hali hii ni kuchanganya karatasi za kituo kidogo na za kituo jirani kabla ya kuhesabu, ili matokeo yatangazwe kwa pamoja. Dixville Notch haiwezi kufanya hivyo na bado ikatangaza namba zake peke yake saa sita na dakika chache usiku.