Nukta pacha kabla ya orodha katika Kiingereza

Nukta pacha, au koloni, ni vidoti viwili vilivyopandana. Katika Kiingereza, ikitangulia orodha, humwambia msomaji kwamba kilichotajwa kwa jumla sasa kitatajwa kimoja kimoja. Kwa hiyo maneno yaliyo mbele yake lazima yawe sentensi kamili.

Chukua mfano huu: "Pemba has three main towns: Chake Chake, Wete and Mkoani." Ziba kwa kidole kila kilicho baada ya alama. Inabaki "Pemba has three main towns", na ukiitilia nukta inatosha. Sasa ziba hii: "The main towns of Pemba are: Chake Chake, Wete and Mkoani." Inabaki "The main towns of Pemba are", nayo inaning'inia. Alama imekitenga kitenzi na kile kinachokikamilisha. Ifute, sentensi itakaa sawa bila kubadili neno.

Kosa hili ndilo linaloharibu matangazo mengi ya ziara: "The price includes: lunch, fruit and the boat." Ama futa alama, ama tia neno la jumla: "The price covers three things: lunch, fruit and the boat." Ya pili ni bora zaidi kwenye tangazo, maana mgeni anajua idadi kabla hajafika kwenye vitu vyenyewe. Baada ya "such as" nayo haitakiwi. Andika "spices such as cloves, cinnamon and nutmeg", basi. Hali ni hiyo hiyo kwa vihusishi kama "to" na "from".

Kuna pia mazoea ya barua za ofisini, "kama ifuatavyo:-", yanayohamia kwenye Kiingereza na kistari chake. Kistari kile kiache; "as follows:" inajitosheleza. Usiache nafasi kabla ya alama, acha moja baada yake, na orodha ianze kwa herufi ndogo isipokuwa kwa jina la pekee.

Panapotatiza khasa ni pale kila kitu kwenye orodha kinapokuja na maelezo yake. Hapo vitu hutenganishwa kwa nukta mkato: "We visit three islands: Changuu, known for its giant tortoises; Chumbe, with its protected reef; and Mnemba, popular with divers." Ukitumia mikato mitupu, msomaji asiyevijua visiwa hivi hataona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Orodha ikishushwa mstari kwa mstari, wapo wahariri wanaokubali "You will need:" juu yake. Wengine hawakubali. Andika "You will need these items:" na pande zote mbili zitaridhika, kwa nyongeza ya maneno mawili tu.